Kompyuta ya Chawia Haiendi Popote

Jumatatu, 6 Juni 1988

Kompyuta imekataa kuonyesha kitu. Jenereta imewaka vizuri, feni ya kompyuta inazunguka, taa yake ndogo ya kijani inawaka — kioo cheusi tii. Wasichana wa kidato cha tatu wamesimama nyuma yangu na madaftari, wanangoja kipindi kianze. Nimezungusha vifundo vya mwangaza mpaka mwisho. Cheusi. Nimezima, nimewasha. Cheusi.

Katuku, mmoja wao, ndiye aliyesema: Madam, leo imelia tofauti. Kila siku hulia mara moja tu, kifupi, halafu maandishi yanatokea. Nikawasha tena tusikilize. Kweli. Mlio mrefu mmoja, mifupi miwili.

Mkuu wetu, Madam Mable, alipita mlangoni akaona. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Mzee Obadiah atafurahi. Huyo ndiye mwenyekiti wa bodi ya shule. Tangu wale marafiki wa kanisa walipotuletea kompyuta mwaka jana, wimbo wake ni ule ule: wasichana wa huku milimani wataifanyia nini? Ipelekwe shule ya wavulana Voi, kuna stima ya kweli. Sasa amepata sababu. Bodi inakaa Jumamosi.

Basi ikae. Mimi nafundisha hesabu. Kitu kikikataa, kuna mahali kimekatalia. Unatafuta.

Jumanne, 7 Juni

Nimechomoa waya wa kioo, nimeurudisha. Nimekagua pini zake moja moja, hakuna iliyopinda. Nimebadilisha plagi. Bure.

Kitabu cha maelezo kilichokuja na mashine kina ukurasa wa milio. Mrefu mmoja na mifupi miwili: kasoro iko upande wa picha, kwenye ile kadi ya ndani inayotuma picha kwenye kioo. Chini yake wameandika usifungue, mwite aliyekuuzia. Nikapiga simu Nairobi kutoka ofisini kwa Madam Mable. Fundi akasema nisiguse chochote, yeye yuko safarini, labda atafika kwetu Agosti.

Agosti! Kufikia Agosti itakuwa imeshaota kutu Voi.

Madam Mable akaniuliza fundi amesemaje. Nikasema amesema ni kadi. Ya kutogusa sikuitaja.

Jumatano, 8 Juni

Nimeifungua.

Bisibisi nimeazima kwa mwalimu wa ushonaji, ile ya cherehani. Wasichana wamezunguka meza kimya, kama watu wanaotazama ng'ombe akizaa. Ndani kumejaa vumbi jekundu, hili letu la barabarani, na kwenye kona nyigu alikuwa ameanza kujenga nyumba ya udongo. Katuku akacheka, akasema hata nyigu wa Chawia anapenda kompyuta.

Kadi ya picha nimeijua kwa sababu ndiyo inayoshika waya wa kioo. Nimeivuta taratibu ikatoka. Meno yake ya shaba yamefanya weusi. Tukayasugua kwa raba ya penseli, wakipokezana, mpaka yakang'aa. Nikairudisha, nikaikandamiza mpaka ikatulia.

Nikawasha.

Mrefu mmoja. Mifupi miwili. Cheusi.

Nilitaka kulia, lakini si mbele yao. Nikawaambia: sasa tunajua si uchafu. Hilo ni jibu pia. Andikeni hivyo. Wakaandika.

Alhamisi, 9 Juni

Nimeteremka Voi na lori la mboga, kioo nimekipakata kama mtoto, nimekifunga kwa leso. Nilitaka kujua kama kosa ni la kioo au la kadi. Musyimi hutengeneza televisheni karibu na stesheni. Akakichomeka, akafungua mwangaza wote, akafunga pazia la duka. Kikaanza kung'aa hafifu, kijani, kama maji ya bwawa. Akasema, mwalimu, hiki ni kizima. Hakipati tu habari. Rudi utafute huko zinakotoka. Kadi ya namna hiyo hana, na hajui aliye nayo huku Pwani yote.

Hadi hapo sawa. Nimetoka dukani, nani mbele yangu? Donald, mwalimu wa fizikia wa shule ya wavulana. Tulisoma naye chuo. Amefurahi kuniona kweli kweli. Akaniambia wamepaka chumba rangi na meza imeshatoka kwa seremala. Mzee Obadiah amewaambia ni Jumatatu.

Jumatatu! Na bodi haijakaa.

Nikamwuliza, Donald, na wewe unaichukua hivi hivi? Akatazama kiatu chake. Akasema, Loise, si imekufa? Sisi tuna fundi karibu, tutaifufua. Nyinyi itawasaidia nini ikikaa pale imekufa?

Sikumjibu. Njia nzima ya kupanda Chawia nilikuwa namjibu.

Ijumaa, 10 Juni

Haijafa!

Niandike polepole. Asubuhi nilirudisha kioo mahali pake, nikawasha, mlio ule ule. Nikakaa tu pale, nimekasirika, nikimfikiria Donald na meza yake. Na vidole, kwa mazoea, vikapiga ile amri ya kila siku ya kuuliza ndani ya diski kuna nini. Vikapiga na kile kitufe cha mwisho.

Taa ya diski ikawaka. Ikakoroma kidogo, ikazima.

Nikarudia. Ikakoroma tena. Jamani, inasikia. Inafanya kazi yake yote, inatupa jibu, ila jibu halina pa kuonekana. Nikaita wasichana kutoka darasa la jografia — mwenzangu wa jografia anisamehe. Tukaunganisha printa, nikapiga amri ile ile lakini nikaiambia ipeleke jibu kwenye karatasi. Ile printa ikaanza kelele zake. Mstari baada ya mstari, kazi zao zote zikatoka, na majina waliyozipa wenyewe. Walipiga kelele kushinda printa.

Kuna programu waliyotunga muhula uliopita, wanaiita SIKU. Unaipa tarehe, inakwambia ilikuwa siku gani ya wiki. Jibu lilikuwa linatokea kwenye kioo. Katuku ameandika upya mstari wa mwisho ili jibu litoke kwenye karatasi. Kaandika bila kuona hata herufi moja, wenzake wakimsomea kutoka daftarini. Akakosea. Akaanza upya. Akakosea. Mara ya tatu ikatoka: mama yake alizaliwa Jumanne.

Huyu Katuku baba yake anakata mkonge huko chini. Kabla ya mwaka jana hakuwa amewahi kugusa hata taipureta.

Na waje sasa.

Jumamosi, 11 Juni

Bodi imekaa. Niliitwa ndani mwisho, wakinywa chai. Nikawaeleza yote: kioo kizima, kompyuta nzima, kilichokufa ni kadi moja ya kutuma picha, na wasichana wanaendelea na masomo kwa karatasi. Nilikuja na karatasi zenyewe, nikazigawa.

Mzee Obadiah hakuichukua yake. Akasema, "Mwalimu, mimi nina swali moja. Televisheni isiyo na picha ni ya nini?"

"Hii si televisheni, Mzee."

"Ina kioo, haina picha. Wewe unaiitaje?"

Wengine wakacheka. Nikasema redio pia haina picha na kila jioni mnaisikiliza. Hawakucheka.

Wameamua. Inakwenda Jumatatu. Nimpe Madam Mable ufunguo wa chumba. Nikasema sitatoa. Nilisema tu hivyo, sauti yangu ikiwa ya kawaida, nikashangaa mwenyewe.

Nje Madam Mable akanishika mkono. Akasema kuna shule huko mbali, Salaita, haijapata mwalimu wa hesabu, na Mzee Obadiah anajulikana ofisi ya elimu. Hakuwa ananitisha, alikuwa anaogopa kwa ajili yangu. Nikamwambia Salaita pia kuna wasichana.

Lakini nilipofika nyumbani nilikaa kitandani na viatu. Mama ni mgonjwa, nyumba yake ni hapo ng'ambo ya kijito. Nikihamishwa nani atamtazama?

Ufunguo nimeutia kwenye soksi.

Jumapili, 12 Juni

Kanisani Mzee Obadiah alinipa mkono, akauliza hali ya mama, akasema mkewe atamletea ndizi. Si mtu mbaya. Hiyo ndiyo inayonichosha. Angekuwa mbaya ningelala vizuri.

Jumatatu, 13 Juni

Naandika hapa kwenye ngazi ya chumba cha kompyuta. Bado hawajaondoka nayo.

Pikapu imefika kabla ya saa nne. Mzee Obadiah na dereva, kamba na blanketi kuukuu la kuifungia. Mimi nilikuwa nafundisha, mlango wazi, wasichana wamekaa kwenye viti vyao, printa inalia. Sikuwa nimepanga maneno. Nikamwambia, Mzee, karibu, kipindi hakijaisha. Keti.

Akasimama kwanza. Halafu akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti juu, kofia mkononi. Akatazama kioo cheusi, akamtazama Katuku anayepiga vitufe mbele ya kioo cheusi. Akauliza, huyu anaandika wapi? Nikasema, ndani.

Katuku akamwomba tarehe yoyote. Akafikiri. "Kumi na saba Desemba, thelathini na nane. Nilioa siku hiyo."

Printa ikakwaruza. Katuku akachana karatasi, akampelekea kwa mikono miwili. JUMAMOSI.

Akaisoma. Akasema, "Harusi zote ni Jumamosi. Hata mbuzi wangu angejua."

Nikafikiri tumemaliza. Dereva alikuwa ameshakunjua blanketi. Lakini Katuku hakuondoka pale mbele yake. Akasema, "Basi tupe usiyoijua, Mzee."

Nilitaka kumkemea. Sikumkemea.

Mzee akageuza kofia mkononi. Halafu akasema polepole, tarehe nne Machi, arubaini na tatu. Akasema alikuwa jeshini, mbali. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa na kufa siku hiyo hiyo. Msichana. Walimletea tarehe tu, na alipopata ruhusa ya kurudi nyumbani mkewe hakutaka kulizungumza. Hajawahi kumwuliza mtu. Kisha akasema, kama anaomba radhi, kwamba ni jambo dogo tu.

Katuku akarudi kwenye kiti. Akapiga nne. Akapiga tatu. Akaanza kupiga mwaka —

Jenereta ikakohoa. Ikakohoa tena, ikanyamaza. Feni ikapungua sauti mpaka kimya.

Dizeli. Ya wiki hii tuliletewa nusu, wakijua kompyuta inaondoka. Nikamweleza hivyo hivyo, sikumung'unya maneno: Mzee, bodi imetupunguzia. Akaniangalia. Nikamwangalia pia.

Nikatoka nje kukaa hapa, kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu. Dereva alinifuata na kamba yake, akauliza tuanze kufunga sasa, si imezima? Kabla sijajibu Mzee ametokea mlangoni, kofia bado mkononi. Akamwuliza dereva gari linatumia nini. Dereva akasema dizeli, Mzee. Akamwambia atafute mpira wa maji.

Sasa hivi dereva amepiga magoti kando ya pikapu, mpira mdomoni, anafyonza, anatema, anafyonza. Wasichana wamemletea ndoo. Katuku hajatoka kwenye kiti chake, namwona dirishani, vidole viko juu ya vitufe. Madam Mable amesimama mlango wa ofisi, hasogei.

Dereva ameuliza, Mzee, tukiimaliza hii tutafikaje Voi na mzigo?

Mzee amemwambia ajaze ndoo kwanza.