Daraja la Saa Kumi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla sijafika mbali naomba pia barua hii usiisome kwa sauti mbele ya wenzako wa ofisini, maana mji wetu si mkubwa, na fundi saa mwenye kibanda kwenye kona karibu na posta ni mmoja tu, na huyo mmoja ndiye mimi.

Nina miaka kumi na tisa katika kazi hii, nimefungua saa za maharusi, za wastaafu, za watu waliooga nazo na za watu waliorushiana wakigombana, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumtajia mtu saa isiyo sahihi hata kwa dakika moja, hata wapita njia wasio na kazi nami huchungulia dirishani kwangu wakauliza saa ngapi fundi, nami huwajibu bila kinyongo, kwa hiyo utaelewa kwa nini jambo hili limenikaba.

Mke wangu ni mwalimu wa jiografia. Kila mwaka, kwa miaka kumi na mmoja, amekuwa akichora ubaoni daraja moja la nchi ya mbali, ambalo barabara yake hugawanyika katikati ikainuka pande zote mbili kama mtu anayenyoosha mikono baada ya kuamka, meli ikapita, kisha ikashuka na magari yakaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na kila mwaka hakosekani mwanafunzi wa kumuuliza, "Mwalimu, wewe umeliona?" naye hujibu, "Bado," na hiyo bado yake nimeisikia nyumbani mara nyingi kuliko jina langu. Mwaka huu likizo yake ikaangukia pazuri, tukajipanga, tukaenda kwa siku sita, mimi, yeye, na mtoto wetu wa mwaka mmoja na miezi minane ambaye ukoo mzima unamwita Kibonge, na ukimwona huulizi kwa nini.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibu. Nchi ile iko mbele ya kwetu kwa saa mbili, na mimi kwa akili zangu za ufundi nikaona mtoto ni mashine ndogo, ukiichezea mishale yake itakusumbua mwezi mzima, nikatunga sheria kwamba Kibonge ataishi kwa saa za nyumbani, atakula kwa saa za nyumbani, na usingizi wake wa mchana utakuwa saa saba hadi saa tisa kama kawaida, ambayo kule ni saa tisa hadi saa kumi na moja, na saa yangu ya mkononi sikuigusa kabisa. Mke wangu akaniangalia akasema, "Baba Kibonge, sisi tumekuja kutembea au tumekuja kulinda ratiba?" Nikamwambia atanishukuru.

Lile daraja, mshauri, hufunguliwa mara moja tu kwa siku, saa kumi kamili jioni kwa saa za kule.

Siku ya pili Kibonge alikuwa amelala, siku ya tatu amelala, siku ya nne tukajaribu kumtoa kabla ya usingizi wake, akalia ndani ya basi kiasi kwamba dereva alisimama na kugeuka kututazama, mama mmoja mzee akahama kiti, mimi nikashuka naye kituo cha kwanza jasho likinitoka, na mke wangu akashuka nyuma yetu akiwa ameshika kiatu kimoja cha mtoto. Siku ya tano mvua. Siku ya sita, ambayo ndiyo ya mwisho kwa kuwa ndege yetu ilikuwa kesho yake asubuhi, akaniambia kwa upole, "Leo jioni naiomba iwe yangu. Alale kwenye kigari chake, aamke, alie, liwe litakalokuwa, tutoke saa tisa na nusu." Nikasema sawa, na nilikubali kwa moyo mmoja.

Sasa ujue kwamba mke wangu hakuwa na saa. Simu yake Kibonge alikuwa ameshaitumbukiza kwenye beseni la kuogea siku ya tatu, na saa yake ya mkononi, ambayo mimi mwenyewe niliiunda upya nikamvisha siku ya posa, ilikatika pini ya mkanda mara tu alipoiweka saa za kule, nayo ikakaa mfukoni mwangu kwa sababu alikuwa ameniapisha nisisafiri na bisibisi hata moja. Kwa hiyo siku zote zile alikuwa akiniuliza mimi, nami natazama mkono, naongeza mbili, namwambia.

Basi siku hiyo yeye alikuwa bafuni anajiandaa, kishafunga kilemba chake cha buluu, anaimba, na mimi nimejinyoosha kitandani huku masanduku yamefunguliwa sakafuni na soksi zimeanikwa juu ya kipasha joto, na Kibonge akapanda kifuani kwangu akalala, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa sababu mimi huondoka amelala na kurudi amelala, na akiamka huita mama tu, na pini ya mkanda nilikuwa bado naifikiria nitaipata wapi. Mke wangu akauliza kutoka bafuni, "Saa ngapi huko?" Saa yangu ilisema saba na nusu. Yaani kule ni tisa na nusu, muda wa kutoka. Nikamjibu, "Saa nane na nusu."

Akasema, "Afadhali, basi nipige pasi gauni."

Tulitoka akidhani ni saa tisa na nusu, kumbe ni kumi na nusu. Tulipofika magari yalikuwa yanapita juu ya daraja kama barabara nyingine yoyote, watu wanakunja viti vyao, na mlinzi mmoja, ambaye lugha yake hatuijui, akatuonyesha vidole vinne, maana saa kumi yetu wao huihesabu nne, kisha akapeperusha mkono kuelekea mbele, yaani kesho. Mke wangu akaitazama saa kubwa ya kituo cha basi, akanitazama mimi. Nikasema, "Nimeongeza moja badala ya mbili."

Mshauri, hakugomba. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi, machozi yakamtoka, ya kucheka na ambayo si ya kucheka, akasema, "Fundi saa mzima!" Na tangu turudi amekuwa wakili wangu. Mama mkwe aliponisema, mke wangu alimjibu, "Mama, mwache mume wangu, katika maisha yake yote kakosea mara moja." Kinyozi wa kibanda cha jirani ameshanipa jina, kila asubuhi ananiita Bwana Ongeza-Moja, na mke wangu akipita anamwambia, "Shemeji, mwonee huruma, mtu alichoka," na mimi nacheka nao, na kila nikicheka najisikia vibaya zaidi.

Wiki mbili zilizopita akaitoa ile saa yake kwenye koti langu la safari, akaniletea kibandani. Akasema, "Niwekee pini, lakini usiirudishe saa za huku. Iache na saa za kule. Nikiwa darasani ikisema saa kumi niwaambie watoto, sasa hivi linafunguka." Pini nimeweka siku ileile, kazi ya dakika mbili. Saa imekaa kwenye droo yangu siku kumi na nne sasa, na kila akiuliza namwambia pini za ukubwa ule hazijafika. Huo ni uongo wa pili, na ninaona wa tatu unakuja. Je, nimwambie ukweli nimvunje moyo mara ya pili kwa jambo moja, au nimrudishie saa yake ninyamaze, mradi yeye ana furaha?

Ni mimi, Fundi wa Kona.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi wa Kona, kaka yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na sikuisoma kwa sauti. Kinyozi akijua, hakuambiwa na mimi.

Tuanze na Kibonge, maana yeye ndiye umemsingizia tangu mwanzo. Mtoto hana mishale. Ukimpeleka ugenini atalia, atalala mahali si pake, ataamka saa isiyo yake, na baada ya siku chache atakaa sawa mwenyewe bila bisibisi. Mtoto akilia kwenye basi, dereva atageuka, bibi atahama kiti, na maisha yataendelea. Siku ile hakuna aliyeumia ila wewe, kwa aibu. Ile sheria yako uliitunga ili usiaibike, ukaiita ya mtoto, mkeo akailipa kwa daraja lake siku tatu mfululizo. Hilo peke yake lingetosha kukuandikia jibu refu.

Lakini hukuniandikia kwa ajili ya hilo. Umeniandikia kurasa nne, na jambo lenyewe umelifukia katikati ya soksi na masanduku, kisha ukarundika pini ya mkanda juu yake. Mwanao alilala kifuani kwako kwa mara ya kwanza. Hukutaka kuinuka. Basi. Mimi nimeuza vifungo na nyuzi miaka ishirini kabla ya kupewa safu hii, na nimejifunza kwamba mteja aliyekuja kwa shida kubwa huanza kwa kuuliza bei ya kitu kingine.

Sikulaumu kwa kutotaka kuinuka. Nakulaumu kwa ulichofanya na mdomo. Ungeweza kusema, "Njoo umwone." Angetoka bafuni na kilemba chake, angeona, na ninyi wawili mngeamua. Ungeweza kusema, "Nenda wewe, sisi tutabaki." Safari isiyofika nusu saa kwa basi, mwalimu wa jiografia hapotei. Ulikuwa na njia mbili zilizonyooka, na wewe mwenye mkono wa kushika vitu vidogo ukachagua ya tatu: ukamwibia mtu saa nzima, tena mtu asiye na saa nyingine ila wewe. Hapo ndipo panaponiuma. Hakukuuliza kama mtu anayemuuliza mpita njia. Alikuuliza kwa sababu jibu lako kwake lilikuwa ni saa yenyewe.

Sasa unaniuliza kama unyamaze mradi ana furaha. Furaha gani, kaka? Mwanamke huyu anataka kuvaa mkononi, mbele ya darasa, saa ambayo kila siku saa nane ya mchana itamkumbusha kosa la mume wake, na atalitazama kwa mapenzi, na kosa lenyewe halipo. Atawahadithia watoto. Watoto watakua wakihadithiana. Na wewe utakuwa kibandani, kila siku saa nane, ukijua. Unadhani utavumilia mwaka? Umeshindwa wiki mbili. Umeanza kusingizia pini.

Tena anakutetea. Anatumia heshima yake kwa mama yake mzazi ili kukulinda kwa jambo usilolifanya. Siku atakapolijua kwa njia nyingine, na atalijua, kwa kuwa wewe hujui kudanganya, umeanza juzi tu, halitamuuma daraja. Litamuuma kila neno alilowahi kukutetea nalo.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho usifungue kibanda baada ya saa sita. Kibonge mpeleke kwa bibi yake, na usimweleze mama mkwe kwa nini. Mkeo akitoka shule, mkae mezani, mlango umefungwa. Weka ile saa mbele yake, ina pini, inatembea, ina saa za kule kama alivyoomba. Kisha sema, kwa mpangilio huu wala usiugeuze: kwanza, "Niliijua saa." Nyamaza kidogo hapo, iingie. Halafu mwambie habari ya Kibonge kifuani. Ukianza na kifua utakuwa unajitetea, na atakusikia hivyo. Na usiiruke, kwa maana uliposema uongo ule ulimficha pia kitu ambacho kilikuwa haki yake kukiona. Kisha mwambie pini ulikuwa nayo.

Usiende na zawadi. Usimwahidi safari nyingine siku hiyo, maana itasikika kama hongo. Akikasirika, mwache akasirike, na usimuulize hasira yake itaisha lini, wewe si fundi wa hiyo. Akitaka saa irudishwe saa za huku, irudishe palepale. Akitaka ibaki, ibaki. Akiitupa ukutani, unasema umezoea kutengeneza za namna hiyo.

Kesho yake mwambie mama mkwe, kwa mdomo wako mwenyewe, kwamba hukukosea kuongeza. Kinyozi naye mwambie. Atakutafutia jina jingine, baya zaidi, na hilo utalistahili.

Mkisafiri tena siku moja, ratiba ashike yeye, na wewe umbebe mtoto. Naona hiyo kazi unaipenda.

Na kesho, ukiwa katikati ya maneno hayo mezani, naye akakuuliza saa ngapi sasa, mwambie iliyopo.