Marashi ya Ndimu Mjini Chicago

Jumatatu, 5 Machi 1956

Nimemaliza *Mjane wa Mtaa wa Tisa* kabla ya adhana ya adhuhuri. Kama kawaida: maiti wa kwanza kabla ya ukurasa wa kumi, mwanamke mwenye siri katikati, ngumi, bastola, halafu mpelelezi Lomax anawasha sigara mvuani na kwenda zake. Hiki ni cha themanini na mbili, nikihesabu na vile vya mwizi mwenye kinyago nilivyoandikia gazeti nilipotoka shule.

Tangu Lomax azaliwe, kila jalada linasema: RALPH DUNMORE. Chini yake, kwa herufi ndogo kama chawa: kimefasiriwa na Feridun Saygın.

Hakuna Ralph Dunmore. Hajawahi kuwapo. Bwana Vasfi, mchapishaji wangu, alimbuni tukinywa chai, kwa sababu wasomaji wa Istanbul hawanunui muuaji asiye Mmarekani. Tunaojua ni watatu: yeye, mimi, na mke wangu Mualla anayenipigia taipu. Hata mama mkwe tunayeishi naye hajui. Hasa yeye!

Mualla aliniuliza leo, bila kuinua macho kwenye mashine: Chicago kuna vilima? Nikamwambia yangu inavyo. Mimi sijafika mbali kuliko mji wa jirani, Bursa. Chicago naijua kwa ramani niliyoikata kwenye kalenda ya benki. Vilima nimeviazima mtaa wa Beyoğlu, hapa hapa Istanbul.

Alasiri nimempelekea Vasfi bahasha mbili. Ya kwanza Dunmore. Ya pili — sijui hata niandikeje — ya pili ni mimi. *Damu Kwenye Jiwe la Hamamu*, mauaji ndani ya bafu la mvuke. Mpelelezi ni Rıza, askari mstaafu wa mtaa wa Üsküdar mwenye magoti mabovu. Nimeiandika miaka minne, kila Lomax alipokwisha. Jina langu liko juu, peke yake.

Alhamisi, 8 Machi

Nimepanda mteremko wa Babıali, mtaa wa wachapishaji, nikiwa na moyo mwepesi. Nimeushuka kama mzee.

Vasfi amekisoma kitabu. Anasema ni kizuri. Anasema, tena ameshika kifua, kwamba alilia pale Rıza anapomuosha rafiki yake maiti. Nikasubiri. Nimemjua Vasfi muda mrefu. Akianza na machozi, mwisho wake ni kisu.

"Lakini ustadhi, nani atakiamini?"

"Aamini nini?"

"Askari wetu kumkamata mtu kwa kufikiri! Watu watacheka mpaka wavunje viti. Mfanye Rıza awe Lomax. Üsküdar iwe Brooklyn. Nitakichapa wiki ijayo."

"Na hamamu?"

"Weka bwawa la kuogelea."

Na magoti mabovu? Nayo yatolewe. Lomax hawezi kuumwa magoti, wanafunzi wa sekondari hawatapenda. Nikamwambia arudishe bahasha. Akanisukumia huku akiniagizia chai ya pili. Mtu akikutukana waziwazi unaweza kuondoka. Huyu anakutukana huku anakutilia sukari!

Jumanne, 27 Machi

*Mjane* ametoka. Jalada: mwanamke mwenye nywele nyekundu, bastola, taa ya barabarani. Taa ni nzuri.

Mama mkwe, Mama Behice, amekinunua mwenyewe kwenye kibanda cha magazeti ingawa nilikuja na nakala tano. Anataka kukilipia, anasema, ili yule Mmarekani apate haki yake. Amekisoma tangu asubuhi, maharage yakaungua. Wakati wa chakula hakuna aliyethubutu kutaja maharage.

"Huyu bwana anawajua wajane," anasema. "Soma pale Lomax anapoingia kwa yule mwanamke. Anavua viatu mlangoni. Mwanamke anampa kandambili za marehemu, kisha anammiminia marashi ya ndimu mikononi kabla hajamuuliza neno. Mgeni ni mgeni, hata akija na bastola. Nani kasema hao makafiri hawana adabu?"

Mualla akanitazama. Mimi nikautazama mkate.

"Na wewe Feridun mwanangu," akaendelea, "miaka yote hii unakaa na maneno ya mtu kama huyo, hata kidogo hayakuambukizi? Jaribu siku moja kuandika kitu chako."

Nimetoka kwenda kununua sigara. Sivuti.

Jumapili, 1 Aprili

Mhakiki wa gazeti ameandika juu ya Dunmore. Safu nzima! Mara ya kwanza mtu mwenye digrii kumtaja Lomax. Nimeisoma nimesimama kibandani, nikaisoma tena kwenye feri, nikatamani kuitupa baharini.

Anasema Dunmore ni fundi. Anasema ana jicho la huruma kwa watu wa chini, jambo ambalo waandishi wetu hawajalijua. Halafu: "Inasikitisha kwamba hazina hii imeangukia mikononi mwa mfasiri mzembe. Bwana Saygın amediriki kuwavua Wamarekani viatu na kuwamwagia marashi yetu ya ndimu. Msomaji anabaki akijiuliza asili ya Kiingereza ilikuwa nzuri kiasi gani."

Asili! Asili iko kwenye droo yangu, ina doa la kahawa.

Mualla amecheka mpaka akakaa chini. Kisha akaona uso wangu, akanyamaza. Kisha akacheka tena, maskini, hakuweza kujizuia. Kwa kweli ile sehemu ya marashi sikuibuni kwa kufikiri. Mgeni kaingia, kakaa. Mkono wangu ukaandika chupa. Ningeandika nini kingine?

Jumatano, 4 Aprili

Vasfi ana mpango. Gazeti limemfurahisha, mauzo yamepanda, ila hataki Dunmore achafuliwe na mfasiri mbaya. Kuna mwalimu wa Kiingereza amestaafu, ana jina zuri na miwani. Atakubali jina lake liwekwe kama mfasiri.

"Kwa hiyo mimi nitaandika, Dunmore atakuwa mwandishi, na mwalimu atakuwa mfasiri."

"Naam."

"Na mimi nitakuwa nani?"

Vasfi amefikiri kwa uaminifu kabisa. "Wewe utakuwa umetulia, ustadhi."

Nimemwambia katika kitabu kijacho nitamuua Lomax. Nitamzika, na kaburi nitalitia saruji. Akasema sawa, huzuni inauza, ila asibaki amekufa ukurasa wa mwisho, kwa sababu kitabu cha themanini na nne tayari kimetangazwa.

Alhamisi, 12 Aprili

Siku ya kwanza ya Ramadhani. Tulikuwa tumekaa mezani, zeituni mkononi, tukingoja mzinga upigwe kutangaza futari, ndipo askari akagonga. Wito. Mwendesha mashtaka ananitaka kesho kuhusu *Mjane wa Mtaa wa Tisa*. Mzazi mmoja amekikuta kitabu chini ya godoro la mwanawe na kukipeleka mahakamani. Kosa: maandishi machafu.

Mama Behice amemkaribisha askari futari, kwa kuwa mzinga ulilia akiwa bado mlangoni. Alipoondoka mama akaanza:

"Uchafu gani? Ile ya nguo ya kulalia? Ukurasa ule nimeusoma mara mbili, sikuona uchafu. Mara tatu. Wamuache bwana wa watu!"

Anayetetewa ni Dunmore. Aliyeitwa ni mimi.

Ijumaa, 13 Aprili

Niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Mwendesha mashtaka ni mtu mwembamba mwenye mafua. Kitabu kiko mezani, kurasa zimekunjwa pembe.

"Ukurasa wa thelathini na nne. Mjane amevaa nini?"

"Nguo ya kulalia, mheshimiwa."

"Na Lomax?"

"Kofia."

Karani akakohoa. "Kofia tu?" akauliza mwendesha mashtaka.

"Na koti! Na suruali! Anahoji shahidi, mheshimiwa, hajavua kitu."

"Amevua viatu," akasema.

Akapenga kamasi bila haraka. Kisha akasoma kwa sauti pale mjane anapoleta kandambili, anapomimina marashi, Lomax anaposugua viganja na kuvipeleka usoni. Alisoma vizuri. Kwa muda nikasahau nilipo.

"Mimi nilipelekwa Chicago kwa mafunzo," akasema. "Nilipanga chumba kwa mjane. Siku ya kwanza alinionyesha pa kuweka mwavuli. Basi. Viatu nilipanda navyo mpaka kitandani, hakuna aliyeshangaa. Tena mji ule ni bapa kama sinia, Bwana Feridun. Lomax wako anateremka ngazi za vilimani tangu ukurasa wa kwanza."

Nikasema labda mfasiri aliongeza.

"Gazeti lilisema hivyo. Lakini toa marashi: mjane hainuki kufuata chupa, hampi Lomax kisogo, na Lomax haioni bastola chini ya mto. Kesi nzima ya Lomax imeanzia kwenye chupa hiyo. Mfasiri haongezi msingi wa nyumba." Akainama mbele. "Nani aliandika kitabu hiki?"

Hivyo ndivyo Lomax anavyouliza. Sentensi fupi, kisha kunyamaza. Nimewanasa wauaji wangapi kwa kitu ambacho hawakudhani ni cha kufichwa, kwa kuwa kwao ni maisha tu? Nami nikakaa pale nikitoka jasho kama mmoja wao.

Akaniambia ilivyo. Kama mwandishi ni Mmarekani, atashtakiwa bila kuwapo, mfasiri ataonywa, kitabu kitaondolewa vibandani, watu watarudi makwao. Kama mwandishi yuko hapa, hakimu atakayesikiliza kesi Jumatatu hana mzaha: ni kifungo, miezi kadhaa. "Mimi nina shaka tu, sina ushahidi. Jumatatu utasema mwenyewe."

Nilipofika mlangoni akaniita. "Mke wangu humsoma Dunmore. Anasema ni mtu aliyewahi kumpenda mwanamke mzee kidogo, aliyechoka."

Nimetembea mpaka stesheni ya Sirkeci bila kuona njia. Nilikuwa na hofu, ndiyo. Lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. Sifa ile ni yangu! Mjane yule ni shangazi yangu Nebahat, Mungu amrehemu, mpaka kandambili!

Jumapili, 15 Aprili

Vasfi amekuja nyumbani kabla ya futari na sanduku la halua, anatoka jasho. Tumeongea jikoni, mlango umefungwa, mama asisikie.

"Ustadhi, ni neno moja tu. Mfasiri. Sema mfasiri. Wamfunge Dunmore, wakimpata!"

"Na wakidai asili?"

"Paa la matbaa ya kuchapia vitabu lilivuja, asili ililowa. Kila kitu Babıali kimeshawahi kulowa." Kisha akashusha sauti. "Ukisema ni wewe, Lomax amekufa. Si kwa risasi, kwa kicheko. Nani atamnunua Mmarekani aliyezaliwa mtaa wa Fatih, hapa Istanbul? Mimi nina mafundi matbaani. Wewe una nyumba."

Hakusema uongo hata neno moja. Hilo ndilo linaloniudhi.

"Na Rıza?" nikamuuliza. "Nikisema mfasiri, utamchapa Rıza? Kwa jina langu?"

Akatazama halua. "Tutaona."

Alipoondoka nikamuuliza Mualla yeye angefanya nini. Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua.

"Ukifungwa nitakuletea chakula, gereza si mbali," akasema. "Ukiachiwa pia nitakupa chakula. Ila usije ukakaa mezani pangu miaka ishirini unamwonea wivu mtu asiyekuwapo. Hilo siwezi kulipikia."

Kisha akaniagiza nipige pasi suti ya harusi. Sikumwelewa ni kwa ajili ya jibu lipi.

Jumatatu, 16 Aprili

Naandika kwenye benchi la mahakama, daftari gotini. Ukumbi umejaa. Watu wamefunga, midomo imekauka, kila mtu anamchukia jirani yake. Mualla yuko kushoto kwangu. Vasfi kulia, ameshika mkono wa koti langu kana kwamba naweza kuruka dirishani.

Mama Behice amekuja pia. Hakuna aliyemwalika. Amevaa koti lake la sikukuu, amesema lazima awepo mtu wa kumtetea Mmarekani, maskini, hana ndugu hapa. Amechukua chupa ya marashi ya ndimu mkobani na anapita benchi kwa benchi akiwamiminia watu viganjani: wezi, mashahidi, askari, mwanamke wa talaka. Wote wanasugua mikono na kuipeleka usoni. Hakuna hata mmoja aliyeshangaa. Mwendesha mashtaka amepita, naye akakinga mikono. Alimshukuru mama, kisha akanitazama mimi.

Tumebakiwa na kesi moja mbele yetu. Nimelirudia lile neno moja. Mfasiri. Ni neno jepesi. Linatoka bila kugusa meno.

Mlango umefunguliwa. Karani ametoka na karatasi. Taratibu zinataka mshtakiwa aitwe mara tatu hata kama kila mtu anajua hayupo.

"Ralfu Dunimoru!"

Watu wanageuka kutafuta mzungu. Kijana mmoja anacheka. Vasfi ananong'ona: mwache aite, mwache aite, yataisha.

"Ralfu Dunimoru! Mwandishi wa *Mjane wa Mtaa wa Tisa*! Yupo?"

Mama Behice anatikisa kichwa. Anasema kwa sauti ya kusikika na wote, angekuwapo ningembusu mkono.

Vasfi ameniachia koti. Hapana, mimi ndiye niliyelivuta. Mualla anachukua kofia yangu aishike yeye. Karani anavuta pumzi kwa mara ya tatu.

Mama Behice ananiuliza mbona nimesimama.