Ukungu wa Mama Mkwe

Mwenzangu, nimejifungia bafuni, nimeng'ata taulo nisisikike nikicheka!

Lile doa jeusi ukutani, juu ya mto wa mama mkwe, pale anapoegemeza kichwa kitandani, lile alilosema ni ukungu wa uvivu wangu? Leo nimemleta fundi wa kuondoa ukungu.

Akapima unyevu. Ukuta mkavu kabisa! Akafuta doa kwa pamba, akanusa. "Mama, hii ni rangi ya nywele."

RANGI YA NYWELE! Na mama mkwe anavyotuapia kwamba hana hata mvi moja!

Mama mkwe akashika kilemba. "Mwanangu, wewe ondoa tu huo ukungu."

Fundi akanitazama. Nikasema, "Ni ukungu, fundi. Uvivu wangu."

Sasa hivi mama mkwe yuko jikoni ananipikia chai. Mimi! Mara ya kwanza tangu niolewe!