Filamu Imemfanya Yaya Wangu Mtumishi

Shangazi Theresia mpendwa, naomba msaada wako, na naomba usome mpaka mwisho kabla ya kunigombeza, maana nakusikia redioni unavyogombeza watu. Mimi ni Mkongomani wa Bukavu, naishi Hallonbergen hapa Stockholm, natunza wazee, na shida yangu si mume wala watoto, shida yangu ni mtu aliyenitendea mema kupita kiasi, na sasa sijui namna ya kumwambia kuna kitu amekosea.

Huyo mtu ni Vaidehi Kurup. Sisi Bukavu tulimwita Bangili, kwa sababu alikuwa anacheza na bangili mpaka kwenye viwiko, na sisi wasichana tunajibana kwenye kibanda cha video kumwangalia, hata Kihindi hatusikii. Bon, nani angeniambia kwamba Bangili, sasa kichwa mvi, atakaa jikoni kwangu anakula fufu kwa mkono? Kuigiza aliacha zamani. Alituambia mwenyewe kwamba kwenye filamu zake zote za ujana sauti haikuwa yake, maana anatoka kusini mwa India na Kihindi chake kilikuwa kinachekwa, basi mama mmoja anaingia studio anasema maneno yake, mwingine anaimba nyimbo zake, yeye kazi yake ni kufungua mdomo tu. Halafu siku moja wakamvalisha kama mponda mawe, wakaleta wanawake wanaoponda mawe kweli wasimame nyuma yake, akalia vizuri, watu wa kamera wakapiga makofi, na mama mmoja kati ya wale akamwambia, "Binti, sisi hatulii hivyo." Lile neno lilimkaa. Akavua bangili, akachukua kamera, akarudi kwa wale wamama kuwauliza wao wanaliaje, na tangu hapo ndiyo kazi yake, wajane, wanaozoa taka, watu ambao hakuna anayewauliza kitu, na matajiri wa sinema walimcheka, yeye akaendelea.

Sasa ametengeneza filamu ya wanawake waliolea watoto wasiowazaa, na kutafuta kwake kukamleta mpaka Stockholm, akanikuta kanisani, nami nikamweleza habari ya yaya Asifiwe. Wazazi wangu walipouawa, Asifiwe alikuwa msichana wa jirani, hata damu yetu si moja, na ndiye aliyenibeba mgongoni porini mpaka kambini, na akakataa kuolewa mpaka nimalize shule. Watu wa ukoo wa baba walikuwa wanamwita boyesse wetu, yaani mtumishi wa nyumbani, ili wasimpe heshima, na hilo neno lilimuumiza kuliko njaa. Leo anaishi Tumba, huku huku Stockholm, mwenyewe mama wa watoto. Nilisema yote hayo kwa Kiswahili changu, na Magdalene akatafsiri mpaka maandishi ya Kiswidi ya filamu, binti wa Wakenya aliyezaliwa hapa hapa, mtoto mwenye roho nzuri, hakutaka hata ahsante.

Juzi Vaidehi akanitumia filamu kwenye simu niione kabla ya watu. Shangazi, nilijiona, nikasikia sauti yangu mwenyewe inatoka, nikalia mpaka kitambaa kikalowa. Maandishi ya Kiswidi pale chini sikusoma hata moja. Nikamjibu aksanti sana, ni nzuri sana, na mioyo myekundu mingi. Kisha binti yangu Nicole akaitazama, akanigeukia, "Mamma, hade ni barnflicka?" Nikamwambia sema Kiswahili. Akasema, "Imeandikwa mulikuwa na mfanyakazi wa kulea watoto."

Kila fasi niliposema yaya, wameandika hivyo! Kwetu yaya ni dada mkubwa au kaka mkubwa, ni neno la heshima, huwezi kumwita mkubwa wako jina tupu. Kumbe kwa Wakenya yaya ni msichana wa kazi. Yaani mimi niliyetoka porini bila viatu nimekuwa mtoto wa tajiri, na yeye amekuwa boyesse, kwa Kiswidi, mbele ya watu wote. Jumamosi filamu inaonyeshwa Sundbyberg, yaya Asifiwe ameshona kitenge kipya, amealika kwaya nzima, na Kiswidi anasoma kunishinda. Mume wangu Évariste anasema, "Mutu amekufanyia mazuri hivi, unaenda kumuonyesha makosa?" Nami namshukuru Vaidehi kweli, hakuna aliyewahi kuja kuniuliza habari zangu namna ile. Ninyamaze? Au nimdanganye yaya kwamba wameahirisha, asije?

Mimi mdogo wake, Hallonbergen

*

Mdogo wake, pole, na hongera pia.

Niache nicheke kidogo kwanza. Nilipofika kwenye "yaya Asifiwe" mimi mwenyewe, Mtanzania wa Jakobsberg, nilisema, ala, huyu naye kwao walikuwa na mfanyakazi! Ikabidi nisome tena. Kwa hiyo Magdalene usimlaumu. Kiswahili cha mama yake kinamjua yaya mmoja tu, yule anayelipwa.

Sasa nikugombeze, ulijua inakuja. Umdanganye Asifiwe kwamba wameahirisha? Mtu aliyekubeba mgongoni, umwache nyumbani Tumba na kitenge chake kipya, wewe ukapigiwe makofi? Sitaki kulisikia tena hilo. Na baba Nicole mwambie kwa upole kwamba kushukuru si kuziba mdomo. Vaidehi mshukuru, hata mimi namshukuru, amekusikiliza wakati sisi tunaokaa mji mmoja nawe hatukujua una nini kifuani.

Lakini wewe umenisimulia maisha yake yote halafu hukujisikiliza. Mwanamke aliyetiwa maneno ya wengine mdomoni ujana wake wote! Akabadilika kwa sababu ya nani? Kwa sababu ya mama mmoja mwenye vumbi la mawe aliyethubutu kumwambia, sisi hatulii hivyo. Yule mama angenyamaza kwa adabu, Bangili angekuwa anacheza na bangili zake mpaka leo, nawe usingekuwa na filamu. Na unaogopa kumwambia, sisi hatuitani hivyo? Unadhani alikutumia kabla ya watu ili umpelekee mioyo? Alitaka umwambie kama kweli aliyemo ni wewe.

Basi fanya hivi, leo, si kesho. Mpigie Magdalene kabla ya mtu mwingine yeyote, asije akayasikia kwa Vaidehi. Mwambie, mwanangu, Kiswahili kimetuchezea sote wawili, njoo tukirekebishe. Akija mpikie, halafu mwandikieni Vaidehi pamoja. Usizunguke. Sema filamu imekuliza, sema unamshukuru, kisha sema: neno moja lililoandikwa pale chini si langu. Maandishi hubadilishwa, hakuna anayelazimika kupiga picha upya. Na mwombe jambo moja zaidi: neno lenyewe wasilifute. Mara ya kwanza waandike yaya, dada yangu mkubwa, na baada ya hapo waache yaya hivyo hivyo. Waswidi watalizoea, sisi tumezoea mangapi yao.

Wakikuambia muda umekwisha, Vaidehi asimame alieleze mwenyewe kabla taa hazijazimwa. Ikiwa hivyo, wewe panda treni uende Tumba mapema, umweleze Asifiwe ana kwa ana, asije akalisoma kwanza akiwa ukumbini na kwaya yake. Atakasirika kidogo. Mwache akasirike, halafu mwende wote.

Usingizi mwema utaupata ukishatuma huo ujumbe, si kabla.

Nami Jumamosi nakuja. Kwetu shikamoo hupewa aliyekuzidi umri, na kwa hesabu yangu huyo yaya wako ni mdogo kwangu. Nionyeshe tu alipokaa. Nitampa.

Shangazi Theresia