Kabichi Kinuni

Mjukuu wangu Somoe,

Hapa Nkowe hatujambo, ila babu yako anagombana na mbuzi wanaomlia mihogo. Nimesomewa ujumbe wako: mama mkwe wako anakuja Jumapili, nawe unaogopa kuaibika kwa kachumbari ya kabichi.

Mimi nilipoletwa hapa bi harusi kutoka Naipingo, kabichi sikuijua. Mama mkwe alinipa moja niwaandalie wageni, iliwe mbichi. Kwetu majani hutwangwa, kama kisamvu. Basi nikaitia kinuni, nikaitwanga mpaka ikalainika.

Mama mkwe akaja, akaiona. Akaikamua, akatia ndimu, chumvi na korosho za kutwanga, akaipeleka. Kabla mgeni yeyote hajacheka, alijipakulia yeye kwanza, akala, akaongeza. Wageni wakamfuata. Tuliporudi jikoni ndipo aliponinong'oneza, “Mwanangu, siku nyingine chukua kisu.”

Kwa hiyo wewe ikate nyembamba, uikamue, utie ndimu. Ikikataa, usilie. Juzi mke mpya wa mjomba wako aliniletea kachumbari yake, chumvi tupu. Nilikula, nikaomba nyingine. Maji nilikwenda kuyanywa nyuma ya nyumba.

Bibi yako