Vikaratasi vya Ndani ya Ndege

Shikamoo dada Rehema,

Huku Greenbelt mvua haijakatika tangu juzi, na mzee ninayemtunza hakai chini. Ni Mrusi, zamani fundi wa ndege. Asubuhi televisheni imeonyesha ile ndege yao ya abiria iliyokwenda kasi kuliko sauti: imefufuliwa kwa majaribio, na Wamarekani wa huku wamo. Uji umepoa, yeye anazunguka tu na mkongojo wake.

"Moja ilianguka Paris mbele ya umati," akaniambia. "Bado tukapakia abiria. Haukupita mwaka, wakaiondoa."

Aliwahi kuipanda na mkewe. Kelele ndani zilikuwa kubwa hata wakawa wanaandikiana vikaratasi. Kimoja anakitunza kwenye kopo la chai. Mkewe aliuliza, "Iko salama?" Chini yake yeye akaandika, "Salama."

"Sisi mafundi tulikuwa na mashaka nayo," akasema, "lakini ningemwandikiaje hivyo, tuko juu?"

Dada, tangu hapo nami situlii. Jumapili nilipopiga ulisema, "Hatujambo wote, ila..." kadi ya simu ikaisha. Sisi nasi, hata nyumba ikiwaka moto lazima tuanze na hatujambo! Nimepiga tena mara nne, hampokei. Na Baba, anayekunyang'anya simu kila siku, safari hii sikumsikia kabisa.

Nawapenda mno, wabusu watoto. Ukiniandikia, hatujambo iache. Anzia kwenye "ila".

Mdogo wako,
Neema