Msukule Aitwaye Moses

Jumamosi, 8 Juni 1996

Tumecheza tangu baada ya chakula cha mchana. Watatu tu sasa – mimi, Peniel na Ignas. Hakuna anayesema kwa nini hatuko wanne. Kifua kilimuua Moses mwezi wa tatu.

Mchezo wenyewe ni ule aliotuachia yule Mholanzi aliyefundisha fizikia aliporudi kwao: sanduku, kitabu kinene cha Kiingereza, kete yenye pande ishirini. Mimi ndiye msimulizi, kwa kuwa Kiingereza ninacho na sebule ninayo. Wao wanajifanya mashujaa wa mapangoni. Watu wazima! Na mimi mwalimu wa hesabu!

Ugomvi wa leo: mkanda wa nguvu za majitu. Ulikuwa wa Moses. Wenzake walijipa majina ya ajabu, yeye akagoma – hata mchezoni akabaki Moses, mpiga mishale. Alipofariki tukamwacha mchezoni vilevile, amelala pangoni, mkanda kiunoni. Sasa Peniel anautaka. Mchezoni ni mchawi, mjini ni muuza mitumba. Ignas akasema marehemu havuliwi mkanda. Basi Peniel akafunua kitabu: mchawi wa ngazi yake anaweza kumwinua maiti amtumikie. Akarusha kete. Kumi na tisa! Moses akainuka. Hatukushangilia. Ignas alipenga kamasi, akasingizia vumbi.

Kitabu kina neno lake la Kiingereza kwa viumbe hao. Mimi nimesema msukule. Ningesema nini?

Kwa hiyo Moses anambebea Peniel mizigo. Peniel ana mfuko wa kichawi usiojaa hata ukitia ng'ombe mzima, na bado anataka mtu wa kumbebea. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara.

Lakini nimefurahi kulisikia lile jina. Mno.

Jumanne, 11 Juni

Ignas! Tangu apunguzwe kazi relini, ofisi yake ni kilabuni. Juzi alilewa akatamba mbele ya watu: Moses hajaenda popote, anambebea Peniel mizigo, na anayewaongoza ni mwalimu Rahel, yaani mimi. Habari ya kete hakuitaja. Mlevi haelezi, anatangaza.

Na Peniel naye kachagua mwezi huu kununua televisheni na video! Itigi nzima ilikuwa inajiuliza muuza mitumba kapata wapi. Sasa imejibiwa.

Leo darasani nimeuliza nani hakufanya zoezi la nyumbani. Hakuna. Wote wamefanya, hata Melkiori. Wananiogopa. Miaka yote nimeitafuta nidhamu hii, kumbe ilikuwa inahitaji maiti mmoja tu.

Alhamisi, 13 Juni

Mchana duka la Peniel ni inzi na yeye. Jioni pamejaa – wanakuja kuangalia video, huku wanachungulia nyuma ya pazia kama kuna mtu anafagia. Uchawi wanauogopa, ila video hawaiachi.

Lililoniuma ni jingine. Jirani yangu Theresia kaninong'oneza: Mama Moses amesikia. Alikuwa anapepeta uwele. Akaweka ungo chini, akauliza, Moses wangu? Akauliza tena, Moses wangu? Kisha akaendelea kupepeta. Hakulia wala hakutukana.

Afadhali angetukana. Nimekula makande ya yule mama tangu nihamie hapa. Nitamwambia nini – mwanao ni namba kwenye karatasi? Au ninyamaze, aanze kumngojea? Kuna mama mmoja kijijini Mkiwa anamfunikia chakula marehemu mwanawe kila siku, mwaka wa pili huu, eti siku wachawi wakimwachia akikute. Sitaki kumfanyia Mama Moses hivyo. Sitaki! Lazima nilimalize.

Jumamosi, 15 Juni

Nimelimaliza.

Peniel alibisha: hakuna kanuni inayomruhusu msimulizi kumnyang'anya mchawi mtumishi wake. Nikamwambia kanuni ni mimi. Ignas, leo hajalewa na ana haya, akaniunga mkono. Tukamzika Moses mchezoni, na mkanda wake, chini ya mwamba. Peniel akauliza mwamba unainuliwa kwa kete ngapi. Nikasema haununuliwi, hauinuliwi, hata ukipata ishirini mara mia. Kilichozikwa kimezikwa, hakirudi mchezoni kamwe – nikawaapisha wote wawili. Ignas akasali Baba Yetu, mpaka amina! Peniel naye akaitikia. Watu wanasema tunafuga wafu, kumbe sisi ndio pekee mjini tunaowazika mara mbili.

Kesho nikitoka kanisani nitakwenda kwa Mama Moses, nimweleze kwamba ulikuwa mchezo na umekwisha. Nimejiona mtu mwema. Nimekula vizuri.

Jumapili, 16 Juni

Kanitangulia. Sijavua hata viatu vya kanisani – hodi. Mama Moses, kitenge kipya, karanga kwenye bakuli. Shikamoo yangu ilitoka kama ya mtoto aliyevunja chungu. Marahaba, mwanangu. Nikaanza hotuba: mama, kile ni kitu cha kuchezea tu, hakuna mchawi, hakuna –

Akanikatiza. Anajua. Moses alikuwa kila Jumamosi akirudi anamsimulia yote: pango, kete, hata mkanda. "Nilimwona akifukiwa, mwanangu. Najua alipo."

Nikashusha pumzi. Mapema mno.

Akasema nyumbani jina halitajwi. Akilitaja, mzee anachukua fimbo anatoka kwenda kwa ng'ombe. Wadogo zake Moses wamejifunza kunyamaza. Lakini amesikia huku kwetu bado anatajwa: Moses kapita hapa, Moses kafanya vile. Basi ana maombi mawili. La kwanza, Peniel asimbebeshe mizigo mizito, kwa ajili ya kifua. Akacheka mwenyewe, akaziba mdomo. La pili, yeye mwenyewe awe anakuja Jumamosi kukaa, asikilize tu. Hatasumbua mtu.

Akavua kandambili, akaketi, akasogeza bakuli.

"Haya, mwalimu. Jana alifanya nini?"

Nimemwambia ngoja nitafute miwani. Miwani nimeivaa. Nimekaa kitandani na daftari hili, na Mungu anajua jana nilimzika, nikawaapisha watu kwamba harudi. Namsikia sebuleni anamenya karanga.

Ananiita. Nisihangaike, anasema, nitafute taratibu, yeye hana haraka.